Wino Uliokimbilia Kwapani

Mpelelezi alipanda ngazi za mbao akihema, kitambaa puani, mafua yamemkaba. Kinyozi wa chini alimwelekeza mlango kwa ncha ya mkasi na kumtania, "Panda tu, mama. Huko juu kuna sindano za kila aina, huenda na ya mafua ipo." Hakucheka. Tangu Jumatatu alikuwa amepita kwa wachoraji wa tatuu wanane, na huyu alikuwa wa tisa.

Alimkuta Fundi peke yake, anachemsha vifaa. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, miwani kaifunga kwa uzi nyuma ya kichwa. Watu wote walimwita Fundi, hata mkewe. Mpelelezi alijitambulisha, akakaa kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa, akatoa bahasha.

"Nitakuonyesha picha. Ni ya marehemu. Haina uso wala damu, ni ngozi tu. Uniambie kama huu ni mkono wako."

Fundi alitabasamu kidogo. "Mikono yangu ninayo yote miwili, afande."

"Unajua ninachouliza."

Aliipokea picha. Ilikuwa sehemu ya mkono wa mtu, chini ya kiwiko, na juu yake mstari mmoja wa herufi nyeusi zilizokolea utadhani zimechorwa jana: ILA MZALIWA NAWE. Tabasamu likamwisha.

"Ni wangu," alisema. "Hiyo Z iliyokatwa katikati naikata mimi tu. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa akituchapa tukichanganya Z na mbili. Mpaka leo naikata."

"Afadhali," alisema mpelelezi, akapenga kamasi. "Sasa nieleze, sentensi gani inaanza na 'ila'? Ofisini tumebishana siku mbili. Tulidhani maneno ya mbele yameoza."

"Hayajaoza. Yako kwa mtu mwingine." Fundi aliiweka picha mezani taratibu. "Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Walikuja ndugu wawili, mtu na mdogo wake. Nusu nilimwandika huyu, nusu nikamwandika yule."

Mpelelezi aliacha kitambaa kikaning'inia mkononi.

Fundi aliwakumbuka vizuri. Ilikuwa miaka sita nyuma. Mkubwa alikuja na sare ya kiwanda cha mikate, amenyooka kama rula, hazungumzi sana. Mdogo alikuwa msichana wa miaka ishirini hivi ambaye dada yake alimwita Kicheko, na jina lilimkaa. Alicheka kabla ya sindano, akacheka wakati wa sindano, akacheka huku machozi yanamtoka. "Fundi," alimuuliza, "hiyo miwani umeifunga isikukimbie, au wewe usiikimbie?" Waligombea nusu za methali kama watoto wanaogombea upande wa kitanda.

"Nani alipata ipi?" aliuliza mpelelezi.

"Sikumbuki."

Hilo lilikuwa kweli. Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo Fundi alilikumbuka palepale, akalimeza. Badala yake aliuliza, "Naweza kumwona?"

Mpelelezi alimtazama. "Kazi hii nimeifanya miaka kumi na tisa. Watu huniomba wasione."

"Mimi naomba nione."

*

Chumba cha maiti kilikuwa nyuma ya hospitali, mwisho wa njia yenye vitanda vibovu vilivyoegeshwa ukutani. Kuta zilikuwa na vigae vyeupe, mpira wa maji ulikuwa umekunjwa sakafuni, na majokofu yalinguruma mfululizo. Daktari alikuwa mwanamke mfupi aliyevaa mabuti ya mpira. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliye katika nyumba yenye mtoto aliyelala.

Mwili ulikuwa umefunikwa wote. Daktari alifunua mkono wa kushoto tu.

"Alikutwa kwenye maji, kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa," alisema. "Kama wiki tatu hivi alikuwamo. Uso haufai kuonyeshwa mtu. Vidole vimeharibika. Hakuna aliyekuja kuuliza kuhusu mwanamke wa umri wake. Na siku ya kwanza huu mkono ulikuwa mweusi mtupu, sikuona herufi hata moja. Nilipomsafisha, ngozi ya juu ikatoka kama glavu. Chini yake ndipo nikakuta maandishi."

Fundi alitazama herufi zake. Zilikuwa safi kuliko siku alipozichora.

"Ninyi hudhani mnaandika juu ya mtu," alisema daktari. "Mnaandika ndani. Ngozi ya juu huja na kwenda. Wino hukaa kwenye ile ya chini."

Fundi aliuliza, "Na mkono wa kulia?"

Daktari na mpelelezi walitazamana.

"Nani kakwambia habari za mkono wa kulia?" aliuliza mpelelezi.

"Hakuna. Nauliza tu kama una kitu."

"Hauna kitu," daktari alijibu polepole, "na hapo ndipo penye swali. Sehemu ya juu, karibu na bega, pana kipande cha ngozi kimechunwa kwa kisu. Ukubwa wa kiganja. Kimechunwa baada ya kufa, hilo naweza kuliapia. Mtu hachunwi ngozi bila sababu. Nikajiuliza, hapo palikuwa na nini?"

Alikwenda kwenye rafu akarudi na vichupa viwili vya kioo vyenye maji. Ndani ya kila kimoja palikuwa na kitu kidogo, mfano wa punje ya haragwe.

"Hizi ni tezi za kwapani. Zinafanya kazi ya chujio. Ukimchora mtu, wino wote haukai pale ulipouweka. Mwingine unabebwa kidogo kidogo, miezi na miaka, mpaka kwapani, unakwama huko. Hii ya kushoto, iangalie."

Ilikuwa nyeusi kama mkaa.

"Ni ya maandishi yako. Sasa hii ya kulia."

Aliinua chupa ya pili kwenye mwanga wa dirisha. Haragwe lilikuwa jekundu.

"Aliyechuna alidhani amemaliza," alisema daktari. "Hakujua kwamba mwili umeweka akiba."

Fundi hakuanguka. Alikaa tu chini, pale pale kwenye vigae vyenye majimaji, magoti juu, kama mtu anayesubiri zamu yake. 

"Ni Kicheko," alisema. "Ni yule mdogo. Wino mwekundu nimewahi kumchora mtu mmoja tu maisha yangu yote."

*

Walimtoa nje wakampa maji. Akawaeleza wakiwa wamesimama uani, karibu na kamba ya nguo zilizoanikwa.

Miaka miwili baada ya ile siku ya methali, Kicheko alirudi. Safari hii hakuja na dada yake. Alikuja na mwanamume nadhifu, viatu vinang'aa, mwenye adabu hadi inakera. Ukimsemesha Kicheko, anajibu yule bwana. Anataka wapi? "Hapa, begani." Herufi za namna gani? "Kubwa." Rangi? "Nyekundu." Fundi alisema wino mwekundu haupendi, huwawasha watu, hana hata chupa. Yule bwana akasema anunue, watarudi. Wakarudi. Lilikuwa jina la huyo mwanamume mwenyewe, herufi tano.

"Alikuwa hacheki," Fundi alisema. "Nililiona hilo. Nikaona na alama ya kijani hapa, chini ya sikio, kama ya kidole gumba. Nikajiambia, mambo ya watu na wapenzi wao, mimi ni nani?"

"Endelea," alisema mpelelezi.

"Yule bwana aliteremka kupokea simu. Tukabaki wawili. Akaniuliza, 'Fundi, mwekundu hufutika?' Nikamwambia, haufutiki, dada, fikiri kwanza. Akautazama mlango. Akasema, 'Basi chora.'" Fundi aliivua miwani akaishika tu. "Ningeweza kusema mashine imeharibika. Uongo mdogo kama huo, rudini kesho, rudini mwezi ujao. Nasema uongo kila siku kwa wanaokuja kudai nguo za harusi anazoshona mke wangu, eti cherehani mbovu. Siku ile nikawa mkweli. Nikamchora."

Mpelelezi alifungua daftari. "Jina unalikumbuka?"

"Nililiandika mimi," alisema Fundi.

*

Kiwanda cha mikate kilikuwepo bado, na dada mkubwa alikuwa bado anafanya kazi humo, sasa ni msimamizi. Mpelelezi alimchukua Fundi ili amtambue. Walimsubiri kwenye chumba kidogo cha mapumziko chenye benchi na birika. Aliingia akiwa na unga mpaka kwenye nyusi. Alipomwona Fundi alikunja uso akimtafuta kwenye kumbukumbu, akampata, akageuka kumwangalia mpelelezi.

"Nini kimetokea?"

Mpelelezi alimwambia kwa maneno machache, kwa sauti ya kawaida. Wenye kazi ile wanajua kwamba kuzunguka huongeza maumivu.

"Hapana," alisema dada mkubwa. "Mmekosea mtu. Mdogo wangu tumegombana, ni kweli, kwa ajili ya yule bwana wake. Nilimwambia mwenye macho haambiwi tazama, akanuna. Lakini yuko hai. Juzi tu kaniandikia."

Alitoa simu akawaonyesha. Ujumbe ulikuwepo. *Niko salama. Usinitafute. Nina maisha yangu.* Juu yake mwingine kama huo. Juu yake mwingine. Mpelelezi alimwomba apandishe zaidi, arudi nyuma. Kidole cha dada kilipandisha wiki moja, mbili, nne, kisha kikasimama.

Pale juu jumbe zilibadilika. Zilikuwa ndefu, zina matusi ya utani, makosa ya herufi, na kila moja inaishia na kicheko: *hahaha dada, hahaha we nawe.* Halafu, kuanzia siku fulani, hakuna kicheko tena. Hata kimoja.

"Nililiona," alisema dada mkubwa. Sauti ilikuwa imeshuka mpaka Fundi akalazimika kuinama kumsikia. "Wallahi nililiona. Nikasema amenikasirikia. Nikasema na mimi nitamnunia. Nilikuwa namnunia nani?"

Alikaa kwenye benchi, akapandisha mkono wa sare mpaka kwenye kiwiko, akapangusa unga. MLA NAWE HAFI NAWE. Wino ulikuwa umefifia kidogo, kwa sababu ya joto la tanuri na sabuni. Mpelelezi aliiweka ile picha kando ya mkono wake, na mbele ya macho ya Fundi, kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita, methali ikasomeka nzima.

"Mimi ndiye niliyetaka ile nusu yake," alisema. "Akanipora. Akasema mkubwa aanze, mdogo amalizie."

Alilia kama watu wa kazi wanavyolia, akiwa ameziba mdomo, sikio lake likisikiliza kama mashine za nje zinakwenda sawa. Alipotulia aliuliza walivyojua, na mpelelezi akamweleza kuhusu vichupa viwili na jina lililochunwa. Dada mkubwa akamgeukia Fundi.

"Lile jina ulilichora wewe?"

"Mimi."

"Alitaka?"

Fundi alitazama sakafu. "Sikumuuliza."

"Basi na wewe umo," alisema, akashusha mkono wa sare.

*

Yule bwana walimkamata siku ya tatu. Simu ya Kicheko waliikuta kwenye gari lake chini ya kiti, ina chaji. Alikuwa akiilisha chaji kama mtu anayelisha mnyama, na kila baada ya siku chache anamwandikia dada mtu kwamba yuko salama. Buti la gari lilikuwa limesuguliwa kwa sabuni, lakini si kwenye mishono ya zulia. Mbele ya polisi alisema hakuwahi kuandikwa kwenye mwili wa mtu yeyote, kwamba huyo mchoraji anamsingizia.

Kicheko alizikwa siku ya mvua nyepesi. Fundi alikwenda akasimama mbali, nyuma ya waliokuja na miavuli. Hakuna aliyemfukuza, na hakuna aliyemkaribisha.

Kesi ilichukua miezi minane. Daktari alieleza habari za tezi kwa upole, kana kwamba anaeleza mapishi. Alikuwa mwangalifu pia. "Rangi haisemi jina," alikiri. "Inasema tu kwamba palikuwa na wino mwekundu mahali palipochunwa." Zamu ya Fundi ilipofika, wakili wa utetezi alisimama kwa furaha kumhoji. Umechora watu wangapi? Mamia. Utakumbukaje mmoja? Fundi akasema wa wino mwekundu ni mmoja tu. Chupa iko wapi? Chupa ilikuwa mezani kwa jaji, imepungua kwa kiasi cha herufi tano. Mkemia alikuwa ameshapima kilichomo na kilichokuwa ndani ya tezi, akasema hakuona tofauti.

"Na kwa nini hukuitumia tena?" aliuliza wakili.

Fundi aliitazama chupa. Upande wa pili wa chumba, yule bwana alikuwa akimtazama kwa ile adabu yake, mikono imekunjwa, viatu vinang'aa.

"Niliogopa," alisema Fundi. "Sikujua naogopa nini. Nikaifungia kabatini."

Yule bwana alihukumiwa kifungo cha maisha. Aliposomewa, aliinamisha kichwa kidogo kama mtu anayeshukuru kuhudumiwa.

*

Kinyozi alidhani sasa rafiki yake atapona. "Umesema kweli, mtu kafungwa, nini tena?" alimwambia. Lakini Fundi alikuwa ameingiwa na kitu. Kila alipopangusa ngozi ya mteja kwa kitambaa chenye sabuni, alipangusa kwa woga, asije akaiona inateleza na kutoka, na chini yake pakawa na maandishi mengine asiyoyajua. Mchana kweupe, chumba kikiwa kitupu, alisikia mtu akipanda ngazi na kusimama kwenye ile ya saba. Akifungua, hakuna mtu. Aliacha kuchora majina. Wapenzi wakija wawili, alimtoa mmoja nje na kumuuliza aliyebaki; wengine walikasirika wakaondoka, na alifurahi.

Asubuhi moja hatua zilipanda, zikapumzika, zikapanda tena, na mlango ukagongwa kweli. Alikuwa mwanamke mzee aliyevaa viatu vya kitambaa, pumzi imemwisha.

"Wewe ndiye uliyemwandika binti yangu," alisema.

Fundi alimpisha kwenye kiti. "Ni mimi, mama. Shikamoo. Mama, naomba—"

"Marahaba. Sikuja kukupa radhi, hiyo utaitafuta kwingine." Mama aliweka mkoba mapajani. "Mkubwa wangu ananiletea habari za mahakama. Kisu, maji, zulia la gari. Mtoto akifa hivi, watu wanamjua kwa kifo chake tu, hata mimi naanza kumsahau. Nimeambiwa siku ile ya kwanza ulikaa naye kwa saa tatu, na alikuwa anacheka. Nataka unieleze alisema nini."

Fundi alimweleza. Alimweleza mzaha wa miwani, ugomvi wa nusu za methali, jinsi Kicheko alivyomwimbia dada yake wimbo wa shule ili asione sindano. Mama alisikiliza bila kulia. Alipoondoka alisema, "Mwezi ujao nitakuja."

Akaja. Na mwezi uliofuata akaja. Fundi alikuwa ameshasimulia yote aliyokuwa nayo, maana saa tatu za mtu si kisima. Mara ya nne mama alipokaa na kuweka mkoba mapajani, Fundi alisema:

"Alisema akipata mtoto wa kike atampa jina lako."

Mama alimtazama. "Hilo hukuniambia siku zile."

"Limenijia leo, mama."

Mama alimkazia macho kwa muda mrefu, macho makavu ya mtu aliyelea watoto wawili na kuwajua wote wanapodanganya. Fundi alingoja anyanyuke aende zake. Chini, kinyozi alikuwa akisuuza brashi kwenye bakuli.

"Halafu?" alisema mama. "Dada yake akamjibu nini?"

Fundi alifumbua mdomo ili atunge jibu. Lakini kabla hajalitafuta, alilisikia, karibu kabisa na sikio lake la kushoto, kwa sauti ya msichana iliyojaa kicheko. Akalirudia neno kwa neno, na mama akaanza kutabasamu.